Glisirini imenikausha uso tangu nihamie Makete, ilhali kule Tanga ilinifaa: nakosea wapi?

Mwalimu wa Makete

Ndugu zangu, nawasalimu kutoka Makete, ambako jioni hii ya Julai naandika nikiwa nimejifunika blanketi mabegani. Nilihamishiwa huku kikazi mwezi Februari nikitokea Tanga, mahali nilipozaliwa na kukulia, na kwa zaidi ya miaka kumi ngozi yangu ilitunzwa na kitu kimoja tu: chupa ndogo ya glisirini ya duka la dawa, niliyoichanganya na maji ya waridi na kuikamulia nusu limau, kama mama yangu alivyonifundisha. Nilijipaka usiku, na asubuhi niliamka uso ukiwa laini bila kuhitaji kingine chochote.

Mvua zilipokuwa zikinyesha huku sikuona tofauti yoyote. Mambo yalibadilika mwishoni mwa Mei, upepo wa baridi ulipoanza. Kila nikijipaka mchanganyiko wangu, uso unang'aa kwa muda wa nusu saa, kisha unaanza kubana kama ngozi ya ngoma iliyoanikwa juani, na kufikia asubuhi mashavu yamepauka na pembeni mwa pua kuna magamba madogo meupe. Nilidhani kipimo hakitoshi, nikaongeza. Maji ya waridi yalipokwisha, nikawa napaka glisirini tupu na limau lake. Kadiri ninavyoongeza ndivyo ngozi inavyozidi kuvutika, na sasa mashavu yanawasha hata nikinawa kwa maji matupu. Mikono ndiyo imeharibika zaidi, kwa kuwa nashika chaki kutwa nzima na kunawa kwa sabuni ya kipande mara nyingi kwa siku. Kwenye vifundo vya vidole nimepata mipasuko midogo ambayo hufunguka na kutoa damu ninapokunja vidole kuishika chaki.

Linalonitatiza zaidi ni kwamba huku ukungu ni wa kila asubuhi. Nguo nilizoanika jana zinalala mbichi, na majani ya uwanjani yana umande hadi saa nne, wakati mwingine yana sakitu kabisa. Kama glisirini kazi yake ni kuvuta unyevu kutoka hewani, kama ninavyoambiwa, mbona haiuvuti huu uliojaa kila mahali? Mwalimu mwenzangu amenishauri ninunue seramu ya asidi ya hayaluroniki, akisema ndiyo yenye nguvu kuliko glisirini. Kabla sijatoa fedha, naomba msaada wa wanaoifahamu ngozi na wanaoifahamu baridi hii.


Kijana wa Igawilo

Pole sana, Mwalimu. Mimi ni mwenyeji wa Mbeya na ushauri wangu ni mfupi: achana na glisirini pamoja na hizo seramu, kwa sababu ni vitu vya watu wa joto. Sisi tumekua kwa mafuta ya mgando. Paka mafuta ya mgando asubuhi na jioni, hakuna kitakachopasuka. Nyumbani kwetu watu wanane tulitumia kopo moja kubwa, na hakuna aliyewahi kulalamika.


Mfamasia wa Uyole

Mwalimu, pole kwa hali hiyo, na nakushukuru kwa kueleza kwa kina, kwa kuwa maelezo yako yana karibu majibu yote ndani yake. Nimekaa nyuma ya kaunta ya dawa hapa Uyole kwa miaka kadhaa, na kila mwaka kuanzia Juni naulizwa swali hili na watu waliohamia kutoka Pwani. Naomba uniruhusu niandike kwa urefu.

Glisirini iko katika kundi la vitu ambavyo mimi huviita vivuta-maji, pamoja na asidi ya hayaluroniki, yurea, pantenoli, sorbitoli, na hata asali. Vyote vina tabia moja, nayo ni kushikana na maji na kuyang'ang'ania. Ngozi yenyewe ina vivuta-maji vyake vya asili katika tabaka lake la juu kabisa, ikiwemo yurea na chumvichumvi za asidi ya laktiki, na ndivyo vinavyolifanya tabaka hilo libaki laini bila kupasuka unapokunja kidole. Ukioga kwa maji ya moto sana na sabuni kali, unaviosha.

Sasa jambo la msingi ni hili: kivuta-maji hakitengenezi maji, bali kinayahamisha. Ukikipaka, kitayavuta kutoka mahali popote yanapopatikana kwa urahisi, na mahali hapo ni pawili tu, hewani au ndani ya ngozi yako mwenyewe. Kule Tanga hewa imejaa mvuke mwaka mzima, kwa hiyo glisirini yako ilikuwa ikinywa kutoka nje. Makete mwezi Julai inakunywa kutoka ndani. Inayavuta maji kutoka tabaka za chini za ngozi na kuyaleta juu, na kwa kuwa juu hakuna kilichofunika, upepo unayachukua. Ile nusu saa ya kung'aa ni maji yako mwenyewe yakiwa njiani kuondoka.

Kuhusu ukungu, swali lako ni zuri na linastahili hesabu kidogo. Hewa ya nyuzi 25 inaweza kubeba takriban gramu 23 za mvuke katika kila mita moja ya ujazo. Hewa ya nyuzi 5 haiwezi kuzidi gramu 7, hata ikiwa imeshiba kabisa. Ukungu maana yake ni kwamba hewa imefika mwisho wa uwezo wake wa kubeba, lakini uwezo wenyewe ni mdogo, kama kikombe cha kahawa kilichojaa hadi ukingoni ukikilinganisha na ndoo iliyojaa nusu. Na uso wako hauko kwenye nyuzi 5. Uso wa mtu mzima una joto la nyuzi 30 na zaidi, hivyo hewa ile ikiugusa inapata joto, uwezo wake wa kubeba unaongezeka ghafla, na inaanza kudai maji. Jambo hilohilo hutokea ndani ya nyumba unapowasha jiko: hewa ya baridi inaingia, inapashwa, inakuwa kavu. Hapa nitoke nje ya mada kidogo kwa sababu kila mwaka tunapoteza watu nyanda hizi: tafadhali usilale na jiko la mkaa katika chumba kilichofungwa, kwa ajili ya ngozi au kwa ajili ya kitu kingine chochote. Hewa yake ya sumu haina harufu, na aliyelala haamki.

Kuna makosa mawili zaidi katika mchanganyiko wako. La kwanza ni kutumia glisirini tupu. Katika losheni nyingi nzuri glisirini huwa kati ya asilimia 3 na 10 hivi, na zile nzito za mikono zinaweza kufika 20, lakini hapo imechanganywa na maji na mafuta. Ikiwa tupu inavuta kwa nguvu kupita kiasi na inaweza kuwasha ngozi iliyokwisha kuchubuka. La pili, ambalo kwangu ndilo kubwa, ni limau. Uchachu wa limau uko karibu na kipimo cha pH 2, wakati ngozi yenye afya hukaa karibu na 5, na katika kipimo hicho namba ikiwa ndogo uchachu ni mkali zaidi. Juu ya hapo, maji ya limau yakibaki usoni ukatoka juani, yana kemikali zinazoweza kuiunguza ngozi na kuacha mabaka meusi yanayokaa miezi. Na jua la milimani ni kali kuliko unavyolihisi, kwa sababu baridi inalificha. Kila unapopanda mita 1,000, mionzi yake huongezeka kwa takriban asilimia 10. Mama yako alikufundisha kwa mapenzi na kwa mazingira yake, lakini limau naomba lirudi jikoni moja kwa moja.

Kwa hiyo siyo lazima uitupe glisirini. Ipe maji ya kushika, kisha ifunike. Baada ya kuoga au kunawa, jikaushe kwa kujigusiagusia na taulo bila kusugua, na uache ngozi ikiwa bado na unyevunyevu. Ndani ya dakika tatu, weka matone mawili au matatu ya glisirini kwenye kiganja kilicholowa maji, viganja vikutane, kisha paka usoni. Juu yake paka krimu au losheni isiyo na manukato makali. Usiku, na hasa mashavuni, malizia na mafuta ya mgando kidogo sana, kiasi cha punje ya harage kwa uso mzima, uliyoyayeyusha kwanza kati ya vidole. Kwa wiki hii ya kwanza, hata hivyo, acha glisirini kabisa. Ngozi inayowasha kwa maji matupu imekwisha kuchanika kwa namna ambayo jicho halioni, na inahitaji krimu na mafuta ya mgando tu hadi itulie.

Kijana wa Igawilo, nakubaliana nawe nusu. Mafuta ya mgando ni mfuniko bora kuliko vyote vinavyopatikana kwa bei ya mwananchi, na yametumika tangu Robert Chesebrough alipopata hataza yake Marekani mwaka 1872. Lakini mfuniko hauongezi maji kwenye chungu. Ukiyapaka juu ya ngozi kavu, umefunika ukavu, utang'aa tu huku ngozi ya chini ikibaki na kiu.


Kijana wa Igawilo

Nimekuelewa, Mfamasia, na ninakumbuka sasa kwamba mama alikuwa akitupaka tukiwa bado tunadondosha maji, tena akitukaripia tukitaka kujifuta kwanza. Nilidhani ni haraka zake za asubuhi.


Mama wa Mafinga

Wanangu, nawasalimu wote. Nimelea watoto sita na wajukuu katika baridi ya Mufindi, na nimefanya kazi ya kuchuma chai kwa miaka mingi, kwa hiyo kuhusu mikono nina la kusema.

Mwalimu, mikono yako haiwezi kupona kama itaendelea kunawa na kukauka yenyewe kwa upepo. Maji yakikauka juu ya ngozi yanaondoka na ya ndani. Nawa, kausha katikati ya vidole, paka hapohapo. Weka kopo dogo la mafuta kwenye mkoba wako wa shule, siyo nyumbani, kwa sababu linalobaki nyumbani halikusaidii saa nne asubuhi. Chaki nayo ni unga, na unga unanyonya. Sisi chai ilikuwa inatukata na kutuachia weusi vidoleni, wewe chaki inakukausha. Kama unaweza, funga kipande cha karatasi au kitambaa kwenye chaki pale unapoishika. Mwalimu wa mwanangu alikuwa akifanya hivyo, na mikono yake ilikuwa mizuri.

Usiku paka mikono ikiwa na majimaji, glisirini kidogo na mafuta juu, kisha vaa soksi safi za pamba mikononi ulale nazo. Itakuwa ajabu usiku wa kwanza, lakini asubuhi utaona. Miguu vilevile. Mimi nilikuwa na magaga ambayo yalikuwa yakinasa kwenye shuka kiasi cha kulichana, na kila jioni nilikuwa nikiyakwangua kwa wembe, kosa ambalo sitaki mtu alirudie, kwa sababu siku moja nilijikata na kidonda kilichukua miezi miwili. Sasa naloweka miguu katika maji ya vuguvugu kwa dakika kumi, nasugua taratibu kwa jiwe, nakausha, napaka. Daktari aliniandikia krimu ya yurea na ndiyo iliyomaliza kabisa. Mwenye kisukari asiguse magaga yake kwa kitu chochote chenye ncha, aende hospitali.

Na maji ya kuoga, mwanangu. Najua raha ya maji ya moto wakati nje kuna sakitu, lakini maji yanayokufanya uwe mwekundu au utoe mvuke ukitoka bafuni yamekwisha kuondoa mafuta yako yote ya mwilini. Yawe vuguvugu, na usikae humo. Sabuni ipake makwapani, sehemu za siri na miguuni. Mikono na mapaja ambayo hayajagusa uchafu hayahitaji povu kila siku. Wengine huku wanaogea sabuni ya mche ya kufulia nguo, halafu wanalaumu baridi.


Mfamasia wa Uyole

Shikamoo Mama. Naongezea kidogo tu kuhusu yurea, kwa kuwa ni kivuta-maji chenye sura mbili na watu huinunua bila kuangalia kipimo. Katika asilimia 5 hadi 10 inashika maji na kulainisha, na inafaa kwa mikono, miguu na mapaja yaliyopauka. Ikipanda asilimia 20 hadi 40 inaanza kuyeyusha ngozi ngumu, na hiyo ndiyo inayofaa kwa magaga peke yake. Hiyo nzito usiipake usoni, wala kwenye mipasuko iliyo wazi, kwa sababu itachoma sana. Mwalimu, vifundo vyako vya vidole kwanza vifunge kwa mafuta ya mgando usiku kwa siku nne au tano, na ukiona mipasuko imeziba, ndipo uanze yurea ya asilimia 10.


Mkulima wa Tukuyu

Naomba kuchangia kwa upande wa pili wa mlima. Huku Rungwe mvua inazidi milimita 2,000 kwa mwaka, na hata katika kiangazi manyunyu hayatuachi kwa muda mrefu. Mimi nilijaribu kufuata ushauri wa kujifunika kwa mafuta mazito usoni, nikapata vipele vidogo kwenye paji la uso na kidevuni. Nilipoyaacha na kubaki na losheni nyepesi yenye glisirini, vilikwisha. Kwa hiyo nadhani ushauri uliotolewa ni sahihi kwa Makete, Njombe na Mafinga, lakini mtu wa Tukuyu au wa Kyela asiuchukue wote kama ulivyo.

Nimeelewa jambo lenyewe kwa njia ya shamba, na labda itawasaidia wengine. Samadi na mboji huufanya udongo ushike maji, lakini ukimwaga mboji juu ya udongo mkavu wakati wa kiangazi bila kumwagilia, mche haupati kitu. Ukimwagilia bila kuweka matandazo, jua la siku mbili linamaliza yote. Ukitandaza majani juu ya udongo mkavu, umehifadhi vumbi. Lakini ukimwagilia, ukawa na mboji ndani na matandazo juu, kahawa inavuka Agosti ikiwa na majani ya kijani. Na mahali penye mvua nyingi kama kwetu, matandazo mazito yakigusa shina, shina linaoza. Hivyo ndivyo vipele vyangu vilivyotokea.


Mfamasia wa Uyole

Ndugu Mkulima, huo ndio mfano nitakaoutumia kaunta kuanzia kesho, na angalizo lako ni la haki. Wenye chunusi na wenye uso wa mafuta wapake kifuniko mashavuni na pembeni mwa midomo tu, paji la uso na pua waviache na krimu nyepesi.

Nilisahau kumjibu Mwalimu kuhusu asidi ya hayaluroniki. Ni kitu halisi na kizuri, kipo mwilini mwetu sote. Karl Meyer na John Palmer walikitambua mwaka 1934 katika ute wa jicho la ng'ombe. Lakini madai yanayorudiwa kwenye matangazo, kwamba kinabeba maji mara elfu moja ya uzito wake, yasikufanye uamini kuwa kitakushibisha ngozi mara elfu. Chembe zake kubwa hubaki juu ya ngozi, na seramu yake ni nyepesi, haina mafuta ya kuifunika. Ukiipaka kwenye uso mkavu katika upepo wa Makete, utapata ubanaji uleule uliokuleta hapa, tena kwa bei kubwa zaidi. Glisirini ina chembe ndogo zinazoingia kwa urahisi katika tabaka la juu, ni rahisi kupatikana, na imetumika kwa muda mrefu. Kama fedha ni moja, nunua krimu nzuri badala ya seramu.

Na unapochagua krimu au losheni, geuza chupa usome orodha ya viambato. Huandikwa kuanzia kilicho kingi kwenda kilicho kidogo. Kwa kawaida maji hutangulia, mara nyingi yakiandikwa Aqua. Ukiona glisirini katika nafasi ya pili, ya tatu au ya nne, losheni hiyo ina kivuta-maji cha kutosha. Ukiikuta mwishoni, baada ya neno Parfum, ambalo ni manukato, ujue imewekwa kidogo sana, hata kama picha kubwa mbele ya chupa inaonyesha matone ya maji. Chombo ambacho hakina orodha kabisa, au kinachopimwa kwa kijiko kutoka kopo kubwa sokoni, usikinunue. Baadhi ya mikorogo hiyo ina hidrokwinoni, zebaki au steroidi, ambazo hulainisha na kung'arisha kwa wiki chache kisha huiacha ngozi nyembamba kuliko ilivyokuwa, na ngozi nyembamba katika baridi ni mateso.


Mama Kachiki wa Iringa

Habari zenu. Nimefuatilia kwa makini kwa sababu mwanangu wa miezi minane ana pumu ya ngozi, na kila kipupwe mashavu yake na mikunjo ya viwiko hupauka na kuwa na wekundu, anajikuna hadi usingizi unakatika. Jirani ameniambia nimpake asali mbichi mashavuni na midomoni, kwa kuwa nayo mmesema ni kivuta-maji, tena ni ya asili. Je, ni salama? Na glisirini kwa mtoto inafaa?


Mfamasia wa Uyole

Dada, asante kwa kuuliza kabla ya kupaka. Asali usimpake mtoto huyu midomoni wala mahali anapoweza kulamba. Mtoto aliye chini ya miezi 12 hatakiwi kula asali kabisa, hata kidogo, kwa sababu inaweza kuwa na mbegu za bakteria aitwaye Clostridium botulinum, ambazo utumbo wa mtu mzima unazimudu lakini katika utumbo wa kichanga huota na kutoa sumu inayolegeza misuli, hata ya kupumua. Kuwa asali ni ya asili hakubadilishi jambo hilo.

Kwa pumu ya ngozi ya mtoto, muogeshe kwa maji vuguvugu kwa dakika tano hadi kumi, tumia sabuni isiyo na manukato kwenye sehemu chafu tu, mkaushe kwa kumgusagusa, na mpake krimu nzito isiyo na manukato au mafuta ya mgando akiwa bado na unyevu, kisha rudia hata mara mbili au tatu kwa siku. Krimu yenye glisirini kiasi inavumilika vizuri kwa watoto wengi. Glisirini tupu isitumike, na yurea iepuke bila ushauri wa daktari kwa sababu itamchoma. Mvalishe pamba iguse ngozi, sweta la sufu likae juu ya pamba. Ukiona maji au usaha unatoka, ukoko wa rangi ya asali, au homa, huo si ukavu tena, mpeleke kwa daktari siku hiyohiyo. Na kama doa ni la duara lenye ukingo ulioinuka na katikati pamepoa, linaweza kuwa fangasi, ambalo halitibiwi kwa losheni yoyote.


Mama Kachiki wa Iringa

Nimeshukuru sana, kaka. Jirani nitamweleza pia, kwa kuwa mwenyewe ana mjukuu wa miezi mitano.


Mwalimu wa Makete

Ndugu zangu, leo ni tarehe 14 Agosti na nimerudi kutoa taarifa kama heshima kwa muda mlionipa.

Limau niliacha siku ileile. Wiki ya kwanza nilipaka krimu na mafuta ya mgando tu, kama Mfamasia alivyoelekeza, na ilikuwa ngumu kwa sababu nilizoea kuiona glisirini ikiwa mezani. Siku ya tano kuwasha kulikoma. Siku ya nane nikairudisha, matone mawili kwenye kiganja kilicholowa, krimu juu yake, mafuta mashavuni usiku. Magamba ya pembeni mwa pua yamekwisha. Nilifanya jaribio moja kwa makusudi: usiku mmoja nilipaka shavu la kulia likiwa limekwisha kukauka, na la kushoto likiwa limelowa. Asubuhi la kulia lilikuwa limebana na lina unga mweupe ukilikwaruza kwa ukucha, la kushoto halikuwa na kitu. Dawa zilikuwa zilezile.

Mama wa Mafinga, shikamoo. Soksi za mikononi nimelala nazo kwa siku kumi na mbili. Mipasuko ya vidole imeziba yote isipokuwa mmoja kwenye kidole gumba, ule unaogusana na chaki moja kwa moja. Chaki naizungushia karatasi sasa, na wanafunzi wawili wa darasa la sita wameanza kuleta karatasi zilizokwisha kukatwa vizuri kwa ajili hiyo. Kopo dogo la mafuta liko kwenye mkoba, na walimu wenzangu watatu wanalitumia pia.

Nimempigia mama simu Tanga na kumweleza habari ya limau. Alinyamaza kidogo, kisha akaniambia kwamba bibi yake hakuwa akiweka limau, ni yeye aliyeongeza baada ya kusikia kwa rafiki zake. Swali langu lililobaki ni moja, kwa Mfamasia: mvua zikianza Novemba na hewa ikipata joto, niendelee na mafuta ya mgando usoni au nirudi kwenye krimu peke yake?


Mfamasia wa Uyole

Mwalimu, taarifa yako imenifurahisha sana, na jaribio la mashavu mawili ni bora kuliko maelezo yangu yote. Mvua zikianza, punguza mafuta ya mgando kwanza, siyo glisirini. Acha kwa usiku mmoja, uone asubuhi uso unasemaje, kisha mbili. Usipobana, baki na krimu mpaka Mei ijayo. Kidole gumba kifunge kwa plasta juu ya mafuta wakati wa vipindi, na kisipoziba baada ya wiki mbili kionyeshe kwa daktari.